Uwanja Usiofagiwa

Hakuumwa na nyoka. Hilo liwekwe wazi kabla ya lolote, kwa sababu uvumi wa nyoka mtaa mzima umeumeza bila kuutafuna. Alikufa kitandani kwake, mchana kweupe, juu ya shuka safi, moyo ukiwa umechoka, kama daktari alivyoandika, na karatasi ya daktari ipo. Hakuwa amerukwa na akili. Hakuwa mwokota takataka. Na mkewe hakuwa mvivu aliyeiacha nyumba imezwe na majani huku mume akinyamaza kwa kuvumilia. Waliosema hayo walikuwa wapita njia, na mtu anayechungulia kupitia lango huona majani tu. Yaliyokuwa chini ya majani hakuyaona.

Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mtunza bustani wa hospitali ya mji. Aliingia pale akiwa kijana mwenye jembe la kuazima, akatoka akiwa mtu ambaye mganga mkuu mwenyewe alimsalimia kwa kusimama. Ni mji mkavu ule. Kiangazi hukaa miezi saba, mwaka mwingine minane, na mvua ikija huja yote kwa mkupuo, kama mgeni aliyechelewa anayetaka kula kila kitu kwa siku moja. Kutunza bustani mahali pa namna hiyo ni kazi ya mtu mwenye subira na sikio. Mvua zikikatika tu, alikuwa ameshapogoa. Mwezi wa tatu wa ukame hagusi hata tawi. Alisema kuukata matawi mti wenye kiu ni sawa na kumnyoa mgonjwa nywele ukitegemea homa ishuke.

Alikuja mganga mkuu mpya, akaona nyasi za mbele ya wodi zimekauka rangi ya mkate, akaamuru zimwagiliwe kutwa mara mbili.

"Zimelala, daktari," mtunza bustani akamwambia.

"Zimekufa, mzee wangu. Nina macho."

"Mtu aliyelala naye amefumba macho. Ukiziamsha sasa, maji ya kuzilisha miezi minne unayo?"

Daktari hakuwa nayo. Mvua ilipofika, siku ya tisa nyasi zilikuwa za kijani mpaka wagonjwa wakatolewa nje wazitazame. Daktari alimwita ofisini, akamtengea kiti.

Nyumbani mambo yalikuwa na mwenyewe. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, aliyelelewa na mama asiyempa mtoto chai kabla uwanja haujafagiwa. Kwake uwanja ulikuwa uso wa nyumba, na uso hauoshwi kesho. Kwa miaka thelathini na mmoja aliamka kabla ya jua, akainama na ufagio wa vijiti, mkono mmoja mgongoni, akaanzia nyuma ya nyumba na kumalizia langoni, akisukuma kila jani na kila punje ya vumbi mpaka mtaroni. Kisha alirudi kuoga kwa kupita pembeni, ameubana ukuta, asije akaiharibu mistari. Mistari ya ufagio ilibaki ardhini kama magamba ya samaki, na mtu wa kwanza kuikanyaga alijiona ameingia bila hodi. Mtaani walimsifu. Akina mama walioleta mabinti zao kwake kwa masomo ya ziada waliwanong'oneza langoni: "Umeona? Hapa hata kuku huomba ruhusa."

Nyumba ilipojengwa mlango ulikuwa na ngazi moja. Baada ya miaka kama kumi na miwili ngazi ile ikaonekana iko juu mno, wazee wakipanda wanashika magoti. Fundi akaitwa, akaongeza ya pili chini yake. Miaka ikaenda, ikaongezwa ya tatu. Kila ngazi ilipoongezwa familia ilifurahi.

"Nyumba ya mdogo wangu inapanda cheo," alisema dada mkubwa wa mume, mwanamke wa sauti pana, akipanda ngazi ya tatu kama bibi harusi. "Wengine wanakaa chini, sisi tunakaa juu."

Wakacheka. Si mwalimu wa hesabu, si mtunza bustani, hakuna aliyejiuliza nyumba inapandaje na hakuna mtu anayeiinua.

Mume alistaafu katikati ya kiangazi, mwezi wa tano wa ukame. Wiki yake ya pili nyumbani aliona ufa kwenye kona ya jikoni, mwembamba, unaingiza ukucha. Akamwita mwashi. Mwashi alikuja na nyundo na maneno mengi, lakini alipochuchumaa pale konani maneno yalimwisha. Alilala kifudifudi. Akaingiza mkono chini ya msingi, ukaingia hadi kwenye kiwiko.

"Mama," akasema bila kuinuka, "hebu njoo utie mkono hapa."

Mwalimu akachuchumaa, akatia mkono. Alitegemea kugusa udongo. Akagusa hewa, kisha kwa juu, ncha za mawe ya msingi, zikining'inia.

"Nyumba hii inasimama kwa meno," mwashi akasema. "Fizi zimekwisha."

"Zimekwendaje?"

"Hilo mimi sijui, mama. Mimi nashughulika na mawe. Ila masika mawili, kona hii inakaa chini, na ikikaa inaondoka na jiko. Ya tatu siyasemei."

"Dawa yake?"

"Tumwage saruji uwanja wote, ukuta hadi ukuta. Maji yapite juu yakashukie barabarani."

Mume alikuwa amesimama nyuma yao. Hakuwa akiutazama ufa. Alikuwa akiutazama ufagio, ulioegemezwa palepale ukutani, vijiti vyake vimeliwa upande mmoja kwa kutumika. Akaingia ndani, akatoka na futi ya kupimia. Kwenye ukuta ule kulikuwa na mstari uliofifia, mahali chokaa ya kwanza ilipoishia siku nyumba ilipopakwa rangi, ilipogusana na ardhi. Akaweka futi kwenye mstari, akashusha hadi chini. Futi moja na nusu.

"Mwalimu," akamwita mkewe, jina alilomtania nalo tangu uchumba, "nyumba haikupanda. Sisi ndio tumeshuka."

Siku hiyo mwalimu hakula mchana. Alikaa mezani na daftari kuukuu la mwanafunzi, akapiga hesabu nyuma ya jalada. Urefu wa uwanja, upana wake, kina cha futi moja na nusu. Alipiga mara tatu, kwa kuwa hakuliamini jibu, na mara tatu likatoka lilelile.

"Lori kumi na mbili," akasema. "Na ya kumi na tatu imejaa nusu."

"Za nini?"

"Za udongo. Zimetoka kwa mlango huu huu, kidogo kidogo, kila alfajiri, na mvua ikamalizia nilichokilegeza."

"Na dereva nani?" mume akauliza, kicheko tayari kimemtoka.

"Dereva ni mimi."

Akaacha kucheka. Akamwona mkewe ameuangalia mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Basi na mimi ni dereva," akasema. "Miaka thelathini nimeamrishwa nifagie hospitali nzima, nikafagia. Kuna sehemu moja tu sikufagia. Kesho twende kazini kwangu nikakuonyeshe."

"Umestaafu."

"Miti haijaambiwa."

Kesho yake, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshaanza kukaanga mabati, wakapita kati ya wodi, wakapita jiko, wakafika nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Pale hapafiki mgonjwa wala mkaguzi. Hakuna aliyewahi kuamuru pafagiwe. Miti minne ya mwarobaini ilikuwa imesimama hapo, mikubwa kuliko yote hospitalini, na chini yake majani ya miaka yamelala juu ya majani ya miaka. Yeye mwenyewe, mtunza bustani, alikuwa akipita pale kila siku na ndoo tupu. Miti ile hakuwahi kuimwagilia hata kikombe. Kwa muda mrefu alidhani ina bahati, labda bomba linavuja chini.

"Nilifukua kutafuta bomba," akamwambia mkewe. "Hakuna bomba. Piga magoti."

"Na gauni hili?"

"Litafuliwa, si tupo penye kufulia penyewe?"

Mwalimu akapiga magoti.

"Sukuma majani. Ya juu makavu, yaache. Ingiza mkono chini kabisa."

Akaingiza. Majani ya juu yalivunjikavunjika kama karatasi za zamani. Yaliyofuata yalikuwa laini. Yaliyofuata hayakuwa majani tena, yalikuwa kitu cheusi kisicho na jina, na chini ya hicho vidole vyake vikakutana na ubaridi. Hakuuamini. Akashindilia mkono hadi kifundo. Ardhi ilikuwa baridi na mbichi kama unga uliotiwa maji muda mfupi uliopita, katika mwezi wa tano bila tone moja la mvua, hatua ishirini kutoka kwenye uwanja ulioungua kiasi cha kutoboa kandambili. Akautoa mkono, akaunusa. Ulikuwa unanukia mvua.

Amesoma mwanamke huyu, amefundisha, amepewa vyeti vikatundikwa. Alikaa pale chini na mkono puani, na vinyweleo vya mikono vikamsimama. Mvua ya mwaka jana ilikuwa bado ipo. Ilikuwa imekaa humo muda wote, imefunikwa kama mtoto aliyelala, na wao nyumbani walikuwa wakiamka kila siku kuivua shuka.

"Nipe kiangazi kimoja bila ufagio," mume akasema, "tuone masika yatakuja na nini. Tukishindwa, namwita mwashi mwenyewe na saruji yake."

"Na watu?"

"Watu watasema."

"Ni mimi watakayemsema. Uwanja ukiwa mchafu hawamtaji mwanamume."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakuomba. Ingekuwa mimi nasemwa, ningekuarifu tu."

Akakubali. Ufagio ukaingia stoo.

Basi ndipo mtaa ulipomwona mstaafu wa hospitali akisukuma toroli nyumba kwa nyumba, akiomba majani ambayo wake za watu wameyafagia. Ardhi yake ilikuwa ngumu kama sahani, hakuichimba. Kwanza alipanga mistari mitano ya mawe, ikikingama na mteremko wa uwanja, kila jiwe likimbana mwenzake. Kisha akatandaza majani, kina cha vidole vitatu, hayazidi. Juu yake akalaza matawi makavu ya miiba ili upepo usiyabebe. Kando ya ukuta aliacha njia ya kokoto, upana wa hatua moja, jani lisiguse nyumba na mchwa asipate daraja. Maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo yakaenda kwa mlimau na kwa mwarobaini wa uani, debe moja leo huyu, kesho yule. Mara moja kwa wiki alipita na reki akiyatikisa majani. Hakuwahi kuacha lundo. Nyoka hutafuta lundo na shimo, alisema, na pale hakukuwa na kimojawapo. Kwa miaka tisa aliyeonekana humo ni mjusi.

Hayo hayakumzuia muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara, mama mwenye ulimi unaotangulia miguu.

"Bwana Majani!" akamwita, na jina likashika papo hapo. "Hata haya yangu unayataka?"

"Kama umeyachoka, mama."

"Na mkeo, ameuchoka ufagio?"

"Mwulize mwenyewe."

"Nimwulize mwalimu? Nani ana muda wa kupewa mtihani?"

Watu wakacheka. Mwalimu, aliyekuwa akipita na madaftari yake, akasalimia kwa adabu, akapita. Lakini vicheko viliingia naye ndani. Shuleni mwenzake mmoja alimvuta pembeni akamwuliza kwa huruma kama nyumbani kuna amani. Mama mmoja akamhamisha binti yake masomo ya ziada. Kila alfajiri mwalimu aliamka saa ileile, akasimama mlangoni hana la kushika, mikono ikimning'inia.

Kisha zikaja habari njema, na habari njema ndizo zilizomponza. Binti wa mwisho alipata mchumba, na familia ya kijana ikatuma salamu kwamba Jumamosi itakuja kujulikana. Ulikuwa mwisho wa mwezi wa saba wa ukame. Mvua ilitarajiwa baada ya wiki tatu. Wifi mkubwa akafika siku mbili kabla, akasimama langoni hataki kuingia.

"Wifi, wageni watakanyaga nini?"

"Majani, wifi."

"Mwanangu aje kuchumbiwa porini? Hivi huyo mdogo wangu amekuroga au mmerogana?"

"Tuna sababu yetu."

"Sababu haionekani kutoka barabarani. Majani yanaonekana."

Jumamosi asubuhi mume alikwenda kuazima viti. Binti alikuwa saluni, wifi hajafika. Mwalimu alibaki peke yake. Na hili ambalo hakuna mtu amewahi kulisema, kwa sababu hakuna aliyelijua ila mumewe, ndilo lililotokea kweli: aliuchukua ufagio stoo, akafagia. Alinuia njia moja tu, kutoka langoni hadi mlangoni, upana wa watu wawili. Lakini mkono uliokaa na njaa miezi miwili hauachi katikati. Akaondoa mawe yaliyokatiza ile njia. Akageuka na kona, kwa kuwa akina mama wageni wangependa kuingia jikoni, akafagia mpaka jikoni, mpaka kwenye msingi. Akaacha mistari mizuri ya magamba ya samaki. Akatazama. Aliona uso wa nyumba yake umerudi, na moyo ukamtulia kama wa mtu aliyeketi baada ya safari.

Mume alirudi na viti. Alisimama langoni, akaangalia chini, akaangalia juu. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milimani, meusi kwa chini.

"Wageni wakaribishwe," alisema tu. Akaanza kupanga viti ndani.

Wageni walifika saa nane, wakasifu uwanja. Wifi mkubwa akapokea sifa zile kama zake. Chai ilikuwa haijapoa kwenye vikombe pale bati lilipopigwa konde la kwanza, kisha makonde yote yakaja kwa pamoja. Mvua ilikuwa imewahi wiki tatu. Wageni wakasema ni baraka, wakacheka, wakasogeza viti mbali na dirisha. Mwalimu akaenda jikoni kuongeza chai, akatazama nje.

Kulikuwa na viwanja viwili pale nje. Penye majani maji yalikuwa yanaanguka na kutoweka. Hayakukimbia, hayakutuama, yalikuwa yanaingia tu, kimya, kama watu wanaoingia ibadani. Na katikati yake ile njia aliyoifagia yeye ilikuwa imegeuka mto. Maji yote ya barabara ya juu yalikuwa yameliona pengo kwenye mistari ya mawe, yakaingia nalo, rangi ya chai ya maziwa, yakazunguka kona alikozungukia na ufagio, hatua kwa hatua alizopita yeye. Yalikuwa yanachimba. Yalikuwa yakiingia chini ya jiko. Alisikia ukuta unatoa sauti, ndogo, kama mtu anayevunja kijiti. Ule ufa wa kuingiza ukucha ukafunguka mbele ya macho yake, ukaingiza kidole.

Akatoka na nguo zake za wageni. Alipiga magoti kwenye tope, akawa anakumba majani kwa mikono, anayarundika mbele ya maji, na maji yanamcheka yanayabeba. Mume alimfuata akiwa ameacha sentensi katikati mbele ya mkwe mtarajiwa.

"Ni mimi," akamwambia, analia. "Ni mimi niliye..."

"Leta mawe, Mwalimu. Utalia kesho."

Wakavuta mawe. Mume alikuwa na miaka sitini, anavua mawe kwenye maji na kuyapachika chini ya msingi, amelala ubavu, tope mpaka masikioni. Mawe yaliyokuwa karibu yakaisha. Mwalimu akageuka kwenda kutafuta mengine, akakuta mbele yake mama mzazi wa yule kijana, mwanamke mzito, amevua viatu, amejifunga kanga ya pili juu ya ya kwanza, amebeba jiwe kifuani.

"Shika, mama," akasema mgeni. "Nyumba ikianguka tutaongelea wapi?"

Ilichukua saa nzima. Jiwe kwa jiwe, matawi, majani, magunia mawili ya mkaa aliyoyatupa juu ya ukuta yule yule muuza mkaa, huku akipayuka kwamba yarudishwe. Mto ukagawanyika, ukapungua, ukashindwa. Jiko likabaki limesimama.

Mvua ilipokatika kila mtu aliganda mahali alipokuwa. Barabara ilikuwa inapitisha maji mekundu kutoka kila lango la mtaa, kila uwanja uliofagiwa asubuhi ile ulikuwa unateremka kwa wingi kuelekea bondeni. Lakini penye majani, nyuma ya kila mstari wa mawe, kulikuwa kumelala kitu kipya: tope laini, limetua sawa kama uji kwenye sahani, kina cha vidole viwili. Ulikuwa udongo wa majirani wa juu, uliopita ukakuta mahali pa kupumzika. Na pale langoni, kwenye pembe ambayo haikuguswa na ufagio, maji machache yaliyokuwa yakitoka yalitoka meupe. Mwalimu akachota kwa kiganja. Aliona mistari ya mkono wake kupitia maji yale. Mume alikuja akachuchumaa karibu naye, wakabaki hivyo wawili, wachafu kama nguruwe, wanaangalia maji kiganjani.

"Bwana Majani!" muuza mkaa akaita kutoka ng'ambo. "Huo udongo uliolala kwako ni wangu!"

"Njoo uuchukue, mama," akamjibu. "Ila uje na lori."

Jioni ile mtu alipouliza ni nani aliyeondoa yale mawe njiani, mume alisema, "Mimi, nilipokuwa napisha viti." Alisema mbele ya dada yake, mbele ya wageni, bila kumwangalia mkewe. Hakulitaja tena, hata wakiwa wawili, hata siku walipogombana kwa mengine.

Binti aliolewa. Mwashi alirudi, akajaza kona, akaingiza mkono tena masika ya pili, safari hii ukaishia kwenye kifundo. Masika ya tatu, yale asiyoyasemea, hakupata pa kuuingiza. Mwaka wa nne ngazi ya chini kabisa ilikuwa imezama nusu. Mwaka wa sita haikuonekana. Kila kiangazi kilipoanza mwalimu naye alishika reki. Alijifunza kutandaza vidole vitatu bila kupima, akajifunza kuusikia udongo kwa unyayo. Ukoka ulijiotea wenyewe langoni. Ndege ambao mtaani hawakuwa na jina lao walikuja kupekua majani asubuhi, na mwezi wa sita wa ukame mlimau ulitoa maua, uwanja mzima ukanukia. Mara nyingine aliacha kusahihisha madaftari, akatoka, akasukuma majani, akatia mkono chini. Miaka tisa alifanya hivyo. Kila mara alitegemea kwamba safari hii atakuta pakavu. Kila mara ulikuwapo ule ubaridi, na kila mara vinyweleo vya mikono vilimsimama kama siku ile ya kwanza.

Mume alifariki kiangazi kikiwa kichanga, majani yametandazwa wiki ileile. Asubuhi ya mazishi akina mama walifika mapema na fagio kwapani, wema wao wote usoni, waupangie msiba mahali. Wifi mkubwa alikuwa mbele. Alikuwa ameshapiga ufagio mara tatu pale langoni, na ardhi ikaonekana, nyeusi, yenye unyevu, mwalimu alipotoka. Alitembea bila viatu juu ya majani, akaushika ufagio juu ya mkono wa wifi yake.

"Uwekeni nje ya lango."

"Wifi, mdogo wangu alale kwenye majani? Leo?"

"Ndiyo."

"Leo tu. Siku moja. Kesho utayarudisha. Siku moja itafanya nini?"

Mwalimu akainama, akayasogeza majani kwa mikono yake mpaka sehemu ile ikafunikika. Wanawake walikuwa wakimtazama. Muuza mkaa alikuwa kati yao, na safari hii hakutania.

"Watu wamesimama barabarani wanatuona," wifi akasema kwa sauti ya chini. "Angalau nipe neno la kuwaambia. Sababu ni nini?"

"Sina neno."

"Wifi."

"Nimesema sina. Fagio ziende nje ya lango, na wageni waingie."